Beseni Katikati ya Barabara

Ng'ombe alikuwa ameshachunwa na nyama imeanza kuchemka, ndipo Scolastica alipoingia uani, akavuta hewa puani, akasimama.

“Mama Kabula, mmechinja?”

“Tumechinja,” Sikitu akajibu huku akisogeza kuni. Alikuwa na furaha ya mtu anayejua kuwa leo hataonekana mnyonge. “Karibu jirani. Njoo unisaidie vitunguu.”

“Leo Ijumaa.”

“Najua ni Ijumaa. Si ndiyo siku wanayopita?”

“Ijumaa ya Kwaresima, mama! Wakatoliki hatuli nyama. Msafara mzima ule, hakuna atakayegusa hata mchuzi.”

Sikitu akabaki na mwiko mkononi. Yeye alikulia kwenye kanisa la Kiprotestanti huko Usukumani, na kwao Ijumaa ni siku kama Jumatano. Mumewe, Mabula, hakuwa na kanisa lolote. Alikuwa na ng'ombe wake, basi. Mkatoliki ndani ya nyumba ile alikuwa mmoja tu, binti yao Kabula, aliyebatizwa akiwa sekondari. Na Kabula tangu juzi alikuwa Namawala kwenye mafungo pamoja na wenzake, simu zao zote zimekusanywa na kufungiwa kabatini.

Nieleze kidogo, maana asiye wa huku atashangaa watu kuchinja ng'ombe kwa ajili ya watoto wanaotembea kwa miguu. Kila Kwaresima, vijana wa parokia ile waliofikia umri hutoka Namawala na msalaba mkubwa wa mninga, wakatembea hadi Ifakara. Njiani husimama kwenye kila nyumba ambayo mtoto wake yumo katika msafara. Anayekaribia kwao ndiye hukabidhiwa msalaba aubebe. Baba humtolea kigoda, mama humwosha matope miguuni mbele za watu wote, kisha mtoto husimama na kusema neno lake la kwanza. Neno hilo halijibiwi. Wakubwa hulisikia na kulitekeleza, kwa sababu ni neno la kwanza la mtu mzima. Wengi hushukuru tu na kuwakaribisha watu chakula, mambo yakaisha. Lakini kuanzia siku hiyo utasema kwenye jumuiya na ukasikilizwa, utasimamia ndoa ya rafiki yako, hutatumwa tena dukani kununua chumvi. Asiyeoshwa, hata akiwa na ndevu, ni mtoto.

Katika kitongoji kile cha wafugaji hakuna aliyewahi kuoshwa. Kabula angekuwa wa kwanza. Sikitu hakutaka makubwa. Alitaka msalaba usimame uani kwake na mwanawe aoshwe miguu kama watoto wa wenzake.

“Sasa nani kawaambia mchinje?” Scolastica akauliza.

Mabula alikuwa zizini, akatoka akijifuta mikono kwenye suruali. “Nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa safari, mzee Polikarpo. Jumapili. Nikamwamkia, nikamwambia, mzee, sisi taratibu zenu hatuzijui, nataka nichinje dume, itafaa?”

“Akasemaje?”

“Akacheka. Akasema, chinja tu, nyie wafugaji mna nini kingine cha kujivunia?”

“Akacheka?”

“Akacheka. Nikadhani amefurahi.”

Scolastica akaitazama sufuria ya nyama. Alikuwa Mndamba wa palepale, amesali kanisa moja na Polikarpo tangu utotoni, na aibu ilimpanda utadhani aliyecheka ni yeye. Mimi hapa ndipo hasira yangu inapoanzia na sioni sababu ya kuificha. Mtu anakuja kwako kwa heshima, kofia mkononi, anakuuliza njia, nawe unamwelekeza shimoni huku unacheka. Kisha Jumapili unasoma somo altareni.

“Haya,” Scolastica akasema, akivua khanga ya begani na kujifunga kiunoni. “Nyama yote itoke jikoni. Anikeni huko nyuma, mbali, hata harufu isifike. Nyumbani nina kambale wakavu. Maharage yapo?”

“Yapo.”

“Injika. Baba Kabula, wewe panda pikipiki, nenda kwa wavuvi ukachukue chochote watakachokuwa nacho. Perege, kitoga, chochote. Mchana hauko mbali.”

Mabula akapanda bodaboda. Kijana aliyempakia hakumjua Mabula, akaanza kumpigia soga kwa sauti ya kushindana na upepo.

“Mzee, umesikia kituko cha leo? Kuna Wasukuma huko mbele wamechinja ng'ombe Ijumaa ya Kwaresima, eti wanawasubiri mahujaji! Imeshaingia kwenye grupu la parokia. Watu wanacheka mpaka basi.”

“Imeingia saa ngapi?”

“Asubuhi mapema.”

Asubuhi mapema. Yaani kabla Scolastica hajafika, kabla wenyewe hawajajua kuwa wamekosea, watu walishaanza kucheka. Mabula akashuka kwa wavuvi. Alinunua samaki bila kubishana bei, akawafunga kwenye kiroba. Alipofika uani akamkabidhi mkewe kiroba na kumwambia, “Pika. Mimi nipo zizini.” Sikitu akamwangalia usoni, akajua kuna jambo, lakini moto ulikuwa unawaka na maharage hayajaiva.

Jua lilipofika utosini, kila kitu kilikuwa tayari. Wali ulikuwa kwenye masufuria makubwa yaliyoazimwa kwa Scolastica na kwa shemeji yake, kambale wa nazi wamefunikwa, maharage yapo, mchicha upo. Nyama haikuonekana hata ukucha. Beseni jipya la bluu lilikaa juu ya kigoda na taulo jeupe kando yake. Sikitu alikwenda kujitazama kwenye kioo, akarudi, akakwenda tena.

“Tulia,” Scolastica akamwambia.

“Nimetulia.”

“Hujatulia.”

Na huko barabarani, mambo yalikuwa yanapikwa mengine.

Msafara ulikuwa unakuja juu ya tuta, mvua za masika zimejaza majaruba ya mpunga pande zote mbili, matope yanafika vifundoni. Kabula alikuwa mbele na msalaba begani. Alikuwa ameupokea kwenye nyumba ya Salvatory, kijana wa pili kutoka mwisho kuoshwa, ambaye mama yake alilia wakati wa kumwosha mpaka watu wakamcheka. Bega lilimuuma Kabula lakini hakulisikia. Alikuwa anayaona mabati ya kwao.

Polikarpo alitembea ubavuni akiwa na kipaza sauti cha betri. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa, buti za mpira zimesafishwa. Akamsogelea Kabula.

“Binti, mpe Salvatory msalaba.”

“Baba, nakaribia nyumbani.”

“Ndiyo maana nakwambia umpe. Hatusimami.”

Kabula hakuelewa. “Hatusimami wapi?”

Basi Polikarpo, badala ya kumjibu yeye, akainua kipaza sauti mdomoni akawajibu wote. “Vijana! Nyumba inayofuata hatusimami! Tumepata taarifa kwamba imechinjwa ng'ombe! Leo ni Ijumaa ya Kwaresima, jamani! Hatutautia msalaba wa Bwana kwenye harufu ya mishikaki!”

Baadhi wakacheka. Sitawasafisha: walicheka, na miongoni mwao walikuwemo waliolala mkeka mmoja na Kabula kwenye mafungo. Mmoja akalia kama ng'ombe huko nyuma, wakacheka tena.

“Baba, wazazi wangu hawajui. Hawakuambiwa,” Kabula akasema. “Nyama itawekwa pembeni. Mama anioshe tu tuondoke. Hata maji hamtakunywa.”

“Muda hautoshi.”

“Kwa kina Salvatory tumekaa mpaka jua limehama!”

“Usinipandishie sauti. Wewe bado mtoto.” Akashika msalaba akauvuta. Kabula akaushikilia. Wakavutana, mzee na binti, juu ya msalaba, katikati ya matope, Ijumaa ya Kwaresima, na hakuna aliyesema neno isipokuwa Devota, binti mfupi mwenye miwani aliyekuwa nyuma ya Kabula.

“Mwenyekiti, si haki hiyo!”

“Na wewe nikutoe?”

Devota akafyata. Kabula akaachia. Si kwamba nguvu zilimwisha. Aliona ufa mdogo kwenye kiungo cha mbao, akaogopa utavunjika na itasemwa kuwa Msukuma amevunja msalaba. Fikiria binti wa miaka ishirini kuwa na akili ya kuyawaza hayo wakati anadhalilishwa. Nani alimfundisha? Sisi. Miaka yote tuliyomwita mgeni kwenye ardhi aliyozaliwa.

Akatoka kwenye mstari.

“Ukiuacha msalaba huhesabiwi!” Polikarpo akasema kwenye kipaza sauti. “Unanisikia? Ndio mwisho wako!”

Kabula alikuwa ameshashuka tutani. Alikata kupitia kingo za majaruba, anateleza, anainuka, sketi ya sare imelowa mpaka mapajani. Barabara ilipinda kuzunguka mfereji, hivyo akafika nyumbani wakati wimbo ungali mbali.

Sikitu alipomwona peke yake, alitazama nyuma yake kwanza.

“Wako wapi?”

“Hawaji, mama.”

“Hawaji vipi? Nimepika samaki!”

“Anasema tumechinja. Ametangaza kwa kipaza sauti. Wamenicheka.” Hapo ndipo kilio kilipomtoka. “Kaninyang'anya msalaba, mama. Kasema sihesabiwi.”

Scolastica akashika mdomo. Mabula akatoka zizini na fimbo yake ya kuchungia, na Sikitu akamwona.

“Weka hiyo chini.”

“Mke wangu, mimi nilikwenda kwake na kofia mkononi. Leo nimepanda pikipiki, naambiwa kituko changu mwenyewe, kimo kwenye grupu lao tangu asubuhi!”

“Nimesema weka chini. Ukimgusa hata ukucha, kesho watasema wafugaji wamevamia mahujaji, na polisi watakuja kuhesabu ng'ombe wetu. Ndicho anachokitaka.” Akatazama masufuria, akatazama taulo lake jeupe. Kisha akachota maji kwenye pipa, akajaza beseni, akalitwika kichwani. “Chukua kigoda. Scolastica, nishikie taulo. Kabula, futa machozi, usitoke na uso huo.”

“Tunakwenda wapi?”

“Barabarani. Kama hawaingii, nitakuoshea hukohuko.”

Msafara ulipokata kona ya mfereji, ulikuta kigoda katikati ya barabara. Kabula amekaa juu yake, miguu ndani ya beseni. Sikitu amepiga magoti kwenye matope. Mabula amesimama nyuma, mikono mitupu. Kulia jaruba, kushoto jaruba, maji yanafika kiunoni. Hapakuwa na pa kupita ila hapohapo. Wimbo ukafifia mstari kwa mstari mpaka ukakatika.

Polikarpo akaja mbele na kipaza sauti chake. “Mama! Toka barabarani!”

Sikitu akainua uso. “Shikamoo, mwenyekiti.”

Wote wakangoja. Shikamoo ni shikamoo.

“Marahaba,” Polikarpo akajibu, na kwa kuwa kidole kilikuwa bado kwenye swichi, marahaba yake ikasikika mpaka ng'ambo ya mfereji. Akashusha kipaza sauti. “Mama, unauzuia msalaba.”

“Siuzuii. Naupokea. Si hivi mnavyoupokea ninyi? Au nimekosea na hili?”

“Huyu binti hahesabiwi. Aliuacha msalaba.”

“Alinyang'anywa!” Devota akapaza sauti. Safari hii hakufyata. “Sote tumeona. Amenyang'anywa!”

“Amenyang'anywa,” mwingine akasema. Nadhani ni yuleyule aliyelia kama ng'ombe, sauti ilifanana.

Sikitu hakuacha kuosha. Aliosha polepole, kidole kwa kidole, na aliongea bila kumtazama Polikarpo. “Mume wangu alikuja kwako Jumapili, akakuuliza. Ulijua leo ni siku gani. Ukamwambia chinja. Halafu leo asubuhi mapema ukawatangazia watu waje kucheka. Hivi wewe ulilala usingizi usiku huo? Ulisali kwanza?”

“Mimi sikumlazimisha mtu.”

“Mpunga wako uliliwa na ng'ombe msimu uliopita. Najua. Iliniuma hata mimi, maana nami nalima. Lakini wale ng'ombe si wetu, na wewe unajua ni wa nani, kwa sababu ulikwenda kwake ukarudi kimya. Yule ana watu wakubwa, ukamwogopa. Ukakaa na hasira yako mwaka mzima unatafuta wa kummwagia, ukampata huyu.” Akauinua mguu wa Kabula kutoka majini, ukiwa safi. “Huyu hapa. Na mguu wake ndio huu. Mwenyekiti mzima, mwenye wajukuu!”

Polikarpo akazitazama nyuso. Wale vijana hawakuwa wanacheka tena. Salvatory, aliyekuwa na msalaba, akatembea mpaka penye kigoda, akausimamisha kando ya Kabula, akaushikilia hapo. Mwenyekiti akamwita kwa jina, akamwita tena, na Salvatory akawa anatazama majaruba.

Sikitu akamfuta mwanawe kwa taulo jeupe. Akasimama kwa shida, magoti yamejaa tope. “Nimemaliza,” akasema.

Polikarpo aliona mambo yamemponyoka, akajaribu kuyashika kwa mkia. Akatabasamu. “Haya, haya. Yameisha. Sisi sote ni familia ya Mungu. Kama kweli ni samaki, basi vijana waingie wapate chochote, maana safari bado. Nami nitabariki chakula.”

“Ngoja kwanza,” Scolastica akamwambia. “Mtoto hajasema neno lake.”

Kabula akasimama. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilitoka imenyooka. Akawashukuru wazazi wake. Akamshukuru Scolastica. Akawaambia wenzake, “Karibuni nyumbani. Kuna wali na samaki, kuna maharage. Nyote mnakaribishwa, hata mlionicheka.” Kisha akamgeukia Polikarpo. “Ila wewe, baba, hukaribishwi. Utabaki hapa barabarani mpaka tumalize kula.”

Mtu akavuta pumzi kwa nguvu. Kumnyima mtu mzima chakula mchana kweupe, mbele za watoto! Mabula mwenyewe alishtuka. Kwao hata adui akipita wakati wa kula huitwa akanawa. Polikarpo akageuka huku na huku, akitafuta atakayemkemea binti yule. Alimtazama hata Mabula. Lakini neno la kwanza halijibiwi, na aliyewafundisha vijana wote sheria hiyo, mafungo baada ya mafungo, alikuwa yeye.

Kabula akauchukua msalaba, akaubeba mpaka uani kwao, nao wakamfuata.

Walikula kama watu waliotembea tangu alfajiri. Uani palijaa, wengine walikaa hadi kwenye mlango wa zizi, na Devota aliomba kuongezewa kambale mbele za watu bila haya. Scolastica alipakua, Mabula aliwagawia maji, na polepole mabega yake yakashuka. Mama mmoja wa jirani alipiga vigelegele. Sikitu alikwenda huku na huku akiitikia asante za watoto wa watu, jambo alilolitamani mno, lakini macho yake hayakutulia. Kila baada ya muda yalikwenda barabarani.

Polikarpo alikuwa bado amesimama pale juani. Hapakuwa na kivuli. Alikuwa amekaa kidogo juu ya kigoda walichokiacha, akaona aibu, akasimama tena.

Sikitu akachukua sahani. Akapakua wali, akaweka samaki mzima, akamwagia maharage kando. Alikuwa amefika kwenye uwazi wa uzio wakati Kabula alipomwona.

“Mama, hiyo ya nani?”

“Ni mtu mzima, mwanangu. Ana njaa. Mimi nimeshasema yangu, roho yangu imepoa.”

“Yangu haijapoa.”

“Kabula.”

“Rudisha, mama.”

Watu waliokuwa karibu wakaacha kutafuna. Tangu azaliwe, Kabula hakuwahi kumwamuru mama yake kitu. Sikitu alimtazama binti yule aliyesimama uani na sare iliyolowa, uso umekaza, akauona uso wenyewe hasa, akaona kwamba haukuwa tena uso wa kubembelezwa. Pengine angeweza kumkaripia. Pengine hata alitaka. Alitazama mara moja tena kule barabarani.

“Nimekusikia,” akasema, akarudi jikoni, akarudisha chakula kwenye sufuria.